Ruhusa ya Mlangoni

Kufuli.

Ndiyo, alikuta kufuli. Wiki nzima mmenikaba koo, wengine mpaka sokoni nikiwa nimebeba vitunguu vyangu: jamani, Punda aliona nini mlangoni kwake hata asahau kushika breki? Aliona kufuli, tena lile kubwa la siku za safari, si lile dogo la kwenda dukani na kurudi.

Kwa wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea nikuambie upesi, maana jamaa yetu hana nafasi ya kusimama. Punda ni mwendesha baiskeli wa timu ya kiwanda cha rangi, mtu mzima anayeukaribia umri wa miaka arobaini. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu kazi yake si kushinda. Kazi yake ni kurudi nyuma kwenye gari la timu, kujaza chupa za maji ndani ya jezi mpaka mgongo uvimbe, na kumpelekea nyota wa timu, kijana wanayemwita Bwana Harusi kwa jinsi anavyopenda kupigwa picha. Upepo ukivuma, Punda anatangulia aukate. Bwana Harusi akipata pancha, Punda anamwachia gurudumu lake na kubaki kando ya barabara na vumbi. Kocha wao ana msemo mmoja tu duniani: afe punda, mzigo ufike.

Mashindano yenyewe ni haya ya kiangazi, mji hadi mji, wa ridhaa na wa kulipwa barabara moja. Kila siku jua la utosi, kila siku lami, kila usiku kitanda cha watu wengine. Kufikia leo hakuna aliyekuwa anatembea sawasawa. Wakishuka baiskeli wanakwenda kama wazee wenye baridi yabisi.

Na leo njia ilipita mtaani kwa Punda.

Sasa sikiliza vizuri. Waendeshaji wana desturi yao, haimo katika kanuni yoyote. Msafara ukikaribia nyumbani kwa mmoja wao, mkubwa wa msafara anamwambia, "Nenda." Wote wanalegeza miguu. Mwenyeji anatangulia peke yake, anasimama kwake, anakumbatia watu wake, anakunywa maji ya nyumbani, halafu anangoja hapo hapo mpaka wenzake wamfikie. Wanaiita ruhusa ya mlangoni. Aliyepewa ruhusa hiyo hakimbii. Akikimbia, ni sawa na mtu uliyemwomba akushikie mtoto akatoweka naye.

Aliyempa ruhusa ni Chuma, mkongwe wa timu pinzani, mtu ambaye akikohoa msafara mzima unageuka. "Nenda kamsalimie shemeji," alimwambia. "Tunakuja taratibu."

Kila mwaka mkewe alikuwa anasimama pale mlangoni na taulo begani na chupa ya maji baridi mkononi. Leo hakuna taulo, hakuna maji, hakuna mke.

"Kaondoka," sauti ikasema nyuma yake.

Ni kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mashine ya kunyolea mkononi, amemwacha mteja kitini na nusu kichwa.

"Kaondoka kwenda wapi?"

"Mimi kinyozi, bwana, mume ni wewe." Halafu akauona uso wa Punda, akajutia ulimi wake. "Kapita asubuhi na begi kubwa. Funguo kaniachia mimi. Nikamuuliza, jirani, mbona unasafiri siku ambayo mwenzio anapita? Akasema amechoka kusimama mlangoni."

"Yuko kituo cha mabasi," mteja akadakia kutoka kitini, shuka la kinyozi shingoni. "Nimemwona nikija huku. Mabasi yote yamezuiwa mpaka nyinyi mpite. Mkishapita tu, yanaondoka."

Punda akaligeuza gurudumu la mbele kuelekea kituoni.

Alijua sababu. Mwaka jana aliapa kwamba anastaafu, hakustaafu. Mwaka huu aliapa tena, kwa majina ya watoto wao pacha walioko shule ya bweni, kwamba kiangazi hiki ndicho cha mwisho. Juzi redio ikatangaza kwamba Punda wa timu ya rangi amekubali misimu mingine miwili. Na ilikuwa kweli. Kocha alimshika baada ya mlima, jasho bado linamchuruzika, akamtaka atie sahihi juu ya boneti ya gari. Punda alitia sahihi kwa sababu kubishana kungemchelewesha kwenda kulala. Punda hakumwambia mkewe. Alikuwa anangoja wakati mzuri, na redio ikamtangulia.

Akapanda baiskeli.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mimi na wewe tusingeweza kulifanya hata tungetaka. Mwenye ruhusa ya mlangoni anasimama, mlango uwe wazi au umefungwa. Punda hakukumbuka ruhusa, hakumkumbuka Chuma, hakukumbuka hata kama yuko kwenye mashindano. Alichokumbuka ni kwamba mabasi yanangoja msafara upite. Aliinama juu ya usukani akakanyaga kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

Mwamuzi wa pikipiki alimwona akikata kona ya mwisho ya mtaa. Akashika simu yake ya upepo.

"Punda ametoroka," akasema. "Narudia. Punda ametoroka na ruhusa."

Nyuma, habari ikamfikia Chuma. Wanaosimulia wanasema aliirudisha chupa ya maji mahali pake kwanza. Kisha akasema, "Mleteni," na msafara mzima ukainuka kwenye viti.

*

Kituo cha mabasi kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya plastiki, na trafiki mmoja mwenye kitambi amesimama mbele yake na filimbi mdomoni. Mabasi yamepangwa mstari, injini zimezimwa, abiria wanajipepea kwa chochote walichoshika.

Punda alishuka kabla baiskeli haijasimama. Viatu vyake vyenye vyuma kwenye soli vikateleza kwenye saruji, nusura abusu ardhi.

"Mama Pacha!"

Vichwa vikatoka kila dirisha. Kichwa alichokitaka hakikutoka. Akapita ubavuni mwa basi la kwanza, la pili, akichungulia kama mwizi wa mchana. Kwenye basi la tatu akamwona. Amekaa upande wa dirisha, begi mapajani, kavaa gauni lake la harusi za watu.

"Mama Pacha, shuka."

"Sishuki."

"Shuka tuzungumze."

"Zungumza. Dirisha liko wazi."

Abiria wa jirani wakaacha kujipepea ili wasikie vizuri. Punda akashusha sauti. "Unakwenda wapi?"

"Leo ndiyo unauliza? Mwaka mzima mimi ndiye ninayeuliza uko wapi. Nimeshajua miji yote kwa kuulizia tu."

"Nakuuliza kwa wema."

"Nakwenda mbele," mkewe akasema. "Kama wewe."

"Ni ile habari ya redio?"

Mkewe akamtazama, na Punda akaona kwamba hana hasira. Angekuwa na hasira angejua la kufanya, maana hasira ya mkewe aliizoea. Aliyekuwa dirishani alikuwa mwanamke aliyechoka tu, amechoka kama yeye. Hilo likamtisha kuliko yote.

"Nilikuwa naosha vyombo," mkewe akasema. "Nikasikia jina lako. Nikafurahi kwanza, nikadhani leo umeshinda kitu."

Punda alikosa pa kuweka uso. Yeye si mtu wa maneno mengi hata siku za heri.

"Nitaukataa mkataba," akasema. "Nitamwambia kocha."

"Utamwambia nini? Wewe kocha akikuambia kunywa petroli, utauliza lita ngapi."

Mtu akacheka mahali fulani nyuma ya basi. Punda hakumtafuta.

"Basi naacha sasa hivi. Naiacha baiskeli hapa hapa."

"Usiache kwa ajili yangu, halafu uje kunilaumu mpaka tuzeeke."

Honi. Gari la timu ya rangi lilikuwa limesimama pembeni, mlango wazi, na kocha anakuja mbio, tai imemlalia begani. Punda alijiandaa kutukanwa. Badala yake kocha akamshika mabega yote mawili, meno thelathini na mawili nje.

"Mjanja wewe! Miaka yote umeficha akili kama hiyo wapi? Ruhusa ya mlangoni! Nani angefikiria?"

"Kocha, mimi sikufanya..."

"Sikiliza. Bwana Harusi miguu imekata, anatapika njiani, msafara umemwacha. Leo hana kitu. Uliye mbele ni wewe peke yako, na mlima umebaki mmoja tu. Panda. Kashinde."

Punda akasimama kama aliyepigwa na ubao. Rudia kusoma hapo, msomaji wangu, maana yeye pia ilibidi arudie kusikia. Tangu aanze kazi hii ameambiwa vuta, ngoja, toa, rudi, leta maji. Neno shinda hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote.

Mkewe alisikia kila kitu kutoka dirishani. "Amekwambia ushinde?" akauliza polepole.

"Ndiyo."

"Si ndicho ulichokuwa unakingoja?"

Na kweli ndicho. Mbona nikudanganye? Alikitaka. Mate yalimjaa mdomoni kwa kukitaka. Miguu ile ile iliyokuwa imekufa ganzi asubuhi ikaanza kumwashawasha.

"Nikiendelea nitakuwa nimewaibia wenzangu," akamwambia kocha. "Walinipa ruhusa."

"Wenzako watanuna kesho, keshokutwa wamesahau. Kikombe hakinuni. Panda, nakwambia, wale wanakuja."

Walikuwa wanakuja. Ule mvumo ukasikika kwanza, mvumo wa minyororo mingi kwa pamoja, halafu rangi zikajitokeza mwisho wa barabara. Trafiki akapuliza filimbi. Dereva wa basi la tatu akasogeza kiti chake akashika funguo.

"Panda!" kocha akapiga kelele.

Punda hakupanda, wala hakujificha. Alisimama kando ya barabara ameshika baiskeli, ili kila mtu amwone.

Kijana mmoja wa ridhaa akampita karibu akatupa maneno: "Kweli shukrani ya punda ni mateke." Mwingine akatema mate. Chuma alipita katikati ya kundi, uso umejaa chumvi ya jasho, na hakutukana. Alimtazama tu akasema kwa sauti ya kawaida, "Nilikuamini."

Halafu wakawa wameshapita. Likapita gari la wagonjwa, likapita gari la mwisho la kuzoa walioachwa, lenye ufagio umefungwa nyuma, na trafiki akakunja kamba yake. Injini ya basi la tatu ikanguruma.

Punda akaisukuma baiskeli mpaka kwenye gari la timu, akaiegemeza taratibu, kama anavyoegemeza siku zote, isichubuke rangi.

"Ukiingia kwenye hilo basi," kocha akasema, "usirudi kwangu. Nasema mbele ya mashahidi."

Punda akaingia kwenye hilo basi.

*

Hebu mwone. Mwanamume mzima kwenye kijia cha katikati ya basi, kaptura imembana mapaja, namba mgongoni, kofia ngumu kichwani, viatu vinalia ko ko ko. Abiria wakabana magoti apite. Kondakta alisahau kumdai nauli.

Mkewe alikunja gauni lake ampishe kiti cha pili. Punda akakaa. Basi likatoka nje ya kituo, likageukia upande ule ule uliokwenda msafara.

Aliyeanza ni mkewe.

"Umeacha."

"Nimeacha."

"Na ulikuwa unashinda."

"Nilikuwa nashinda."

Mkewe akashusha pumzi ndefu, akafungua zipu ya begi. Punda akageuza macho, hakutaka kuona magauni yaliyokunjwa na ushahidi wote wa mtu anayehama. Lakini kitu kikawekwa mapajani mwake. Ilikuwa suruali yake ya kitambaa, imepigwa pasi. Juu yake shati lake jeupe, na juu ya shati ndara zake za nyumbani.

Begi lilikuwa halina kitu kingine.

"Sielewi," Punda akasema.

"Basi hili linakwenda kule kule mnakomalizia. Kibao kiko mbele pale, kikubwa kama mlango. Ungekuwa na akili zako ungekisoma." Mkewe alikuwa anatazama nje. "Nilikuwa nakuja kukuchukua. Nisimame kwenye mstari wenu wa mwisho, nikupe nguo zako mbele ya kocha wako, nikuambie vaa, twende nyumbani. Ungekubali, sawa. Ungekataa, ningerudi na begi langu, na ningekuwa nimejua."

"Kwa nini hukuniambia pale dirishani?"

"Ungeniahidi."

Punda alitaka kucheka, mwili ukakataa. Alitaka kulia, nao huo ukakataa vilevile. Angepanda baiskeli yake, angeshinda kwa mara ya kwanza maishani, na mkewe angekuwepo pale pale akimwona. Alivitupa vyote viwili ili apande gari la kumpeleka huko huko. Akakaa na ndara zake mapajani, akaona aibu, na chini ya aibu ile kulikuwa na nafuu ambayo hakuielewa.

"Vaa shati basi," mkewe akasema. "Watu wanakutazama."

Dereva alikuwa amewasha redio. Mtangazaji anahema kana kwamba yeye ndiye anayepanda mlima.

"...na habari ya kushangaza, Punda wa timu ya rangi, aliyewatoroka wenzake kwa hila, sasa ameonekana akipanda basi la abiria. Waamuzi wanachunguza kama alikusudia kufika mwishoni kwa njia ya mkato..."

Bibi mmoja wa kiti cha mbele akageuka, akakagua namba, akakagua kaptura.

"Mwanangu, ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Basi hata njia ya mkato huijui. Gari hili linasimama kila kituo."

Basi zima likaangua kicheko. Mkewe akajizuia, akashindwa, akaficha uso nyuma ya begi. Punda alikuwa hajamwona akicheka tangu msimu uliopita. Ndipo alipopata nguvu ya kuivua ile kofia.

Na hapo ndipo dereva alipofunga breki, watu wakarukia viti vya mbele.

"Kuna nini tena?" kondakta akauliza.

Walikuwa chini ya mlima wa mwisho. Barabara ilikuwa imezibwa, na si kwa kamba. Msafara mzima ulikuwa umesimama, baiskeli kushoto mpaka kulia, mguu mmoja chini, hakuna anayesogea. Wa ridhaa, wa kulipwa, wote. Wengine wameinamia usukani. Mmoja alikuwa amelala usingizi kabisa akiwa bado kakalia baiskeli. Magari ya timu yanapiga honi nyuma yao, hakuna anayegeuka.

Chuma akajitenga na kundi, akaja akichechemea mpaka kwenye mlango wa basi. Akabisha kwa ngumi.

Punda akasimama, shati limefungwa kifungo kimoja. "Wamenifuata mimi. Kaa, usishuke."

Mlango ukafunguka. Chuma akapanda ngazi ya kwanza, akaangaza macho, yakampita Punda kama hayupo.

"Shemeji," akasema. "Samahani kwa kukusumbua. Nina shida na wewe, si na huyu."

Mkewe akashtuka. "Na mimi?"

"Ruhusa ya mlangoni tunampa mtu wetu aende kwa watu wake. Watu wake ndio wanaoturudishia. Leo hatukurudishiwa. Vijana wangu wanasema ametuibia, wanataka desturi ife leo, asipewe tena mtu ruhusa. Mimi nimewaambia wasimame nikuulize wewe kwanza. Alikimbia, au alikuja kwako?"

Dereva akazima redio.

Mama Pacha angeweza kumwangusha mumewe kwa neno moja, na nadhani wengi wenu mngemsamehe. Alimtazama yule mwanamume aliyevaa shati jeupe juu ya kaptura.

"Alikuja kwangu," akasema. "Mimi ndiye niliyehama na mlango."

Chuma akatikisa kichwa kukubali, polepole. "Basi hakuiba." Akageuka kwa Punda kwa mara ya kwanza. "Nisamehe kwa niliyoyasema kule. Ingia ndani ya msafara, twende tumalize."

Kabla Punda hajajibu, kocha akajipenyeza mlangoni, baiskeli begani, jasho linamtoka kama yeye ndiye aliyekimbia. Hakukumbuka tena mashahidi wake.

"Umesikia? Wamekusamehe! Panda upesi. Mlima huu unaujua, uko nyumbani kwako, bado unaweza kushinda. Vua hilo shati."

"Asivue," mkewe akasema.

"Mama, hii ni kazi."

"Najua ni kazi. Asivue mpaka aulizwe. Wewe unataka ashinde. Huyu ndugu anataka arudi kwenye kundi. Mimi nataka arudi nyumbani. Yeye anataka nini? Yupo aliyewahi kumuuliza?"

Wote wakamgeukia Punda.

Akafungua mdomo. Akatafuta jibu mahali watu wanapotafuta majibu, akakuta sauti ya kocha, na ya redio, na ya mkewe, hata ya kinyozi. Yake haikuwepo. Aliona kikombe, akaona mlango wa nyumbani, na vyote viwili vilikuwa mbali mno kwa miguu hii. Watu wakangoja. Bibi wa mbele akamwambia taratibu, "Sema tu, mwanangu."

"Nataka kulala," Punda akasema.

Kocha akacheka peke yake. Mtu mwingine hakucheka. Mkewe akamshika mkono, akaubana.

Chuma aliutazama mlima. Akawatazama wenzake barabarani, yule aliyelala juu ya baiskeli, yule anayejimwagia maji ya mwisho shingoni, kijana wa ridhaa aliyetukana pale kituoni akiwa sasa kajishika magoti, anatetemeka. Aliwatazama kwa muda mrefu.

"Hata mimi," akasema.

Akashuka. Akaenda mpaka kwenye baiskeli yake, akailaza chini, katikati ya barabara. Aliye karibu naye akamtazama, akailaza ya kwake. Halafu ya tatu, halafu sauti za vyuma vikigusa lami zikafuatana mpaka mbele kabisa ya kundi.

"Mnafanya nini?" kocha akauliza. "Jamani, mnafanya nini? Kule juu mgeni rasmi ameshasimama na kikombe mkononi!"

Chuma alikuwa anarudi kwenye basi, peku, viatu vyake mkononi, na nyuma yake foleni ilikuwa imeshaanza.

"Dereva," akasema mlangoni, "humu ndani nafasi zipo?"